Karatasi Moja, Picha Moja

Wapo watu wasemao ya kuwa chumba cha giza kimekwisha kufa, na kwamba kumfundisha kijana kusafisha picha kwa dawa ni sawa na kumfundisha kupekecha vijiti ili apate moto ilhali kiberiti ki mkononi mwake. Wasemao hivi si watu wajinga. Wengi wao ni walimu, wakuu wa shule na wazazi, nao hushika vitabu vya hesabu za shule na kuuliza kila shilingi inakwenda wapi. Swali lao ni halali. Lakini jibu walilojipa ni baya, na kwa kuwa limekubaliwa na wengi bila kupimwa, nakusudia kulipima hapa mbele ya wanafunzi, ambao ndio watakaopata hasara yake.

Nasema mambo mawili. La kwanza, shule na vyuo vya ualimu vyenye nafasi ya kuwa na chumba cha giza visikifunge, na visivyo nacho vinaweza kukianzisha katika stoo ndogo yenye dirisha lililozibwa. La pili, ambalo hata baadhi ya wapiga picha hodari hawatalikubali, ni kwamba mwanafunzi anayeanza asianze na filamu wala negativu. Aanze na karatasi ya picha yenyewe, aitie ndani ya kamera, kisha aigeuze kwa dawa mpaka iwe picha kamili. Karatasi moja, picha moja. Njia hii huitwa njia ya kugeuza, nayo wengi huidharau kwa sababu hawakupata kuijua.

Kabla ya kubishana juu ya kitu, yafaa tukifahamu kwanza. Karatasi ya picha imepakwa utando mwembamba wa jelatini wenye chembe ndogo mno za chumvi za fedha, kama vile bromidi na kloridi. Nuru inapoziangukia chembe hizo, jicho halioni badiliko lolote. Nuru huacha alama ya siri tu. Karatasi ikitiwa katika dawa ya kusafishia, chembe zilizopata nuru hugeuka kuwa fedha halisi, na fedha iliyo katika punje ndogo namna hiyo haing'ai bali huonekana nyeusi. Basi palipokuwa na nuru nyingi huwa peusi, na palipokuwa na kivuli hubaki peupe. Shati jeupe la mwanafunzi hutoka jeusi, na nywele zake nyeusi hutoka nyeupe. Hiyo ndiyo negativu.

Kwa desturi, mpiga picha huikaza negativu hiyo, huiosha na kuikausha, kisha huitumia kupitishia nuru juu ya karatasi ya pili ili weusi na weupe urudi mahali pake. Katika njia ya kugeuza, karatasi ya pili haihitajiwi. Karatasi ile ile ya kwanza, badala ya kukazwa, husuuzwa kwa maji na kutiwa katika dawa ya kuchujua. Dawa hii yaweza kuwa pamanganeti ya potasiamu pamoja na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji mengi. Kazi yake ni kuila fedha yote nyeusi iliyokwisha kufanyika, bila kuzigusa chumvi ambazo hazikupata nuru. Negativu hufutika. Pamanganeti huacha doa la hudhurungi, nalo huondolewa kwa kuitia karatasi katika maji yenye metabisalfaiti ya sodiamu.

Hapo hufanyika jambo linalomstaajabisha kila anayeliona kwa mara ya kwanza. Taa nyeupe, ambayo muda wote ilikuwa adui wa chumba cha giza, huwashwa kwa makusudi. Chumvi zilizosalia, zile za vivuli, sasa hupata nuru. Karatasi hurudishwa katika dawa ya kusafishia, na vivuli hujichora vyeusi, mahali hasa vilipokuwa katika dunia. Shati ni jeupe tena, nywele ni nyeusi tena. Baada ya hapo picha hutiwa katika dawa ya kukaza, ambayo wapiga picha huiita hipo, kisha huoshwa kwa maji safi: dakika chache kwa karatasi yenye utando wa plastiki, na yaweza kufika saa nzima kwa karatasi ya nyuzi tupu.

Sasa niulize: ni somo gani jingine la shule ya upili linaloweka kemia, fizikia, sanaa na subira katika sinia tatu au nne za plastiki? Mwanafunzi husoma darasani kwamba kitu kimoja huweza kukinyang'anya kingine elektroni. Huyaandika maneno hayo, huyakariri, hufaulu mtihani, kisha huyasahau kabla ya likizo kwisha. Lakini aliyeiona pamanganeti ya zambarau ikiila fedha ya uso wa rafiki yake, kisha akauona uso ule ukirudi, hawezi kusahau. Amejua kwa macho kile ambacho wenzake wamekijua kwa masikio tu.

Wapinzani wangu wana hoja, nami sitazipunguza ili niwashinde kwa urahisi. Hoja ya kwanza ni ile ya simu. Wanasema kwamba simu iliyo mfukoni mwa mzazi hupiga picha kwa nukta moja, yenye rangi, bila dawa na bila giza. Hilo ni kweli. Lakini shule haikujengwa ili kumpa mtoto kile ambacho mfuko wa mzazi wake unaweza kumpa. Kikokotoo hujumlisha upesi kuliko mwalimu, na bado hatujaacha kufundisha kujumlisha. Simu hutoa picha na kuficha kazi yote. Ndani yake nuru hugeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu husawazishwa, kelele hupunguzwa, ngozi hulainishwa na mbingu hutiwa rangi, na mwenye simu, ambaye hakuamua hata moja katika hayo, husema, "Nimepiga picha." Amebonyeza tu. Baina ya kubonyeza na kujua pana bonde pana, na kazi ya elimu ni kujenga daraja juu yake, si kukana kwamba bonde lipo.

Tena watu husahau kwamba kamera ya tarakimu si mgeni wa jana. Steven Sasson aliunda kamera ya namna hiyo katika kampuni ya Kodak mwaka 1975. Miaka mingi baadaye, mwezi Januari 2012, kampuni hiyo hiyo iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, na katika mwaka huo ikaacha kutengeneza filamu za Ektachrome, ambazo nazo husafishwa kwa njia ya kugeuza. Wengi wakatangaza matanga. Lakini mwaka 2018 filamu ya Ektachrome ikarudishwa sokoni, kwa kuwa walikuwapo watu walioitaka. Kiwanda cha Ilford cha Uingereza kilifikia ukingoni mwa kuanguka mwaka 2004. Wafanyakazi wake wakuu wakakinunua na kukiendesha kwa jina la Harman, na karatasi za picha nyeusi na nyeupe zikaendelea kutengenezwa. Basi anayesema kwamba ufundi huu umekufa na azikwe na habari hizi kwanza.

Hoja ya pili hutoka kwa wapiga picha wenyewe, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Wanasema: negativu moja huzaa picha mia, karatasi iliyogeuzwa huzaa picha moja tu, na ikipotea imepotea. Kwa nini kumfundisha mtoto njia tasa? Nakiri kwamba kwa kazi ya habari hoja hii haina jibu. Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935, aliuawa Nigeria mwaka 1968 alipokuwa akipiga picha za vita vya Biafra. Hazina ya picha zake ilikaa miaka mingi Nairobi bila kutazamwa, na negativu zilipofunuliwa ulimwengu uliweza kuziona tena kazi zake. Lau angetumia karatasi za kugeuza na kuzigawa, leo tungekuwa tunalihadithia jina lake bila kuyaona aliyoyaona.

Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza si mwandishi wa vita. Anachokihitaji si wingi wa nakala bali uzito wa uamuzi. Negativu ina huruma: ikiwa nyepesi, waweza kuisaidia wakati wa kuichapa, ikiwa nzito, waweza kuipa nuru zaidi. Karatasi ya kugeuza haina huruma hiyo. Ukiipa nuru kupita kiasi, hutoka imepauka. Ukiinyima nuru, hutoka nyeusi kama sufuria. Hakuna mahali pa kujificha wala mtu wa kumsingizia. Kijana anayejua kwamba ana kipande kimoja cha karatasi hutazama kwanza, hupima nuru, humwuliza rafiki yake asimame wapi, na ndipo afungue tundu. Kijana mwenye simu hupiga picha 40 za mti mmoja, naye hajautazama mti.

Na tasa si neno la haki. Njia hii imezaa sana ilipotumiwa mahali pake. Mwaka 1925 Anatol Josepho, mzaliwa wa Siberia, alifungua kibanda cha picha katika barabara ya Broadway mjini New York. Mteja alitia senti 25, akaketi, na baada ya dakika kama 8 mashine ikampa ukanda wa picha 8, bila negativu, kwa karatasi iliyogeuzwa ndani ya mashine yenyewe. Watu walipanga mstari barabarani, na mwaka 1927 haki za mashine hiyo ziliuzwa kwa dola milioni moja. Huko Afghanistan, mafundi wa barabarani walitumia ujanja mwingine: kamera yao ya sanduku la mbao ilikuwa ndiyo chumba chao cha giza, na ndani yake walipiga negativu ya karatasi, kisha wakaiweka negativu hiyo mbele ya lenzi na kuipiga picha tena ili ipinduke. Wote hawa walikuwa watu wa kazi, waliotaka kumpa mteja picha yake kabla hajaondoka.

Hoja ya tatu ni ya hatari. Huulizwa: mnataka kuwapa watoto asidi gizani? Hapa nami nashika upande wa wenye hofu, kwa sehemu. Vitabu vya zamani viliagiza dawa ya kuchujua ya daikrometi ya potasiamu. Dawa hiyo ina kromiamu ya aina iletayo saratani, na Umoja wa Ulaya umeitia katika orodha ya vitu visivyotumika bila idhini maalum. Mwalimu anayeitumia mbele ya wanafunzi kwa sababu tu kitabu cha zamani kimesema hivyo hafai kushika ufunguo wa chumba hicho. Pamanganeti yatosha, kiasi cha gramu 2 katika lita 1 ya maji, pamoja na asidi kidogo. Wako pia watumiao haidrojeni peroksaidi na asidi ya limau, ingawa dawa hiyo huweza kuufanya utando wa karatasi utoke malengelenge.

Sheria za usalama ni chache, nazo hazina mjadala. Asidi hutiwa katika maji. Maji hayatiwi katika asidi kamwe. Asidi kali ambayo haijazimuliwa isikutane na pamanganeti kavu, kwa maana mchanganyiko huo huweza kulipuka. Kazi ya kuzimua asidi ni ya mwalimu, mchana, mahali penye hewa; mwanafunzi hupewa dawa iliyokwisha tayarishwa. Miwani na glavu huvaliwa, koleo hutumika, na chakula hakiingii. Lakini tafadhali tusidanganyane. Pamanganeti na asidi ya salfuriki zimo tayari katika maabara nyingi za shule zetu za upili, na watahiniwa huzitumia katika majaribio yao. Shule inayowapa watoto vitu hivyo siku ya mtihani haiwezi kusema kwamba ni sumu siku ya kupiga picha. Hofu ya namna hiyo imekuwa kisingizio.

Hata uchafu wa kazi hii hufundisha. Dawa ya kukaza iliyokwisha tumika imebeba fedha ndani yake, nayo isimwagwe mtoni, maana hudhuru samaki na viumbe vidogo vya majini. Itie katika ndoo, tumbukiza waya wa chuma wa kusugulia sufuria, uache siku kadhaa. Chuma huyeyuka na fedha hujikusanya chini kama matope meusi. Somo la madini yanayopokonyana nafasi, ambalo kitabu hulieleza kwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu, sasa limo ndooni.

Hoja ya nne ni ya gharama. Ni kweli kwamba karatasi za picha haziuzwi katika kila duka, na pengine sharti ziagizwe mbali. Ni kweli pia kwamba shule nyingi zina mahitaji ya mwanzo kuliko haya: madawati, maji, vitabu. Shule isiyo na maji isinisikilize. Ichimbe kisima kwanza. Lakini nazungumza na zile zenye maabara, stoo na bajeti ya vilabu, ambazo hununua vikombe vya mashindano kila mwaka. Kwa hizo, hesabu si ngumu. Karatasi moja ya inchi 8 kwa 10 hukatwa vipande 4 vya inchi 4 kwa 5, na kila kipande ni picha kamili. Kamera si ya kununua: kopo la rangi lililooshwa, likapakwa weusi ndani na kutobolewa tundu kwa ncha ya sindano, latosha. Karatasi ni nzito wa kupokea nuru kuliko filamu, basi tundu hufunguliwa nusu dakika hadi dakika kadhaa katika jua kali, nao muda huo huhesabiwa kwa mdomo. Na kwa kuwa karatasi ya kawaida haioni nuru nyekundu, mwanafunzi hufanya kazi yake chini ya taa nyekundu huku akiona kila hatua, jambo ambalo kwa filamu nyingi haliwezekani, kwani hizo hutaka giza tupu.

Sitaki mtu adhani kwamba naificha aibu ya mpenzi wangu. Karatasi hii ina ukali: weupe wake hukimbilia kuwa weupe mno, na weusi wake kuwa weusi mno, hata ikalazimu kuipa nuru hafifu kidogo kabla ya kuitia katika kamera ili kuulainisha ukali huo. Haioni rangi kama tuonavyo sisi: kanga nyekundu hutoka nyeusi, na mbingu ya samawati hutoka nyeupe. Na picha iliyopigwa moja kwa moja hupinduka kushoto kulia, hata jina la shule lililo juu ya lango likasomeka kama katika kioo. Lakini kila aibu katika hizi ni swali, na kila swali lina jibu ambalo kijana aweza kulitafuta mwenyewe. Kwa nini nyekundu imekuwa nyeusi? Kwa nini herufi zimegeuka? Chombo kisicho na kasoro inayoonekana hakimfundishi mtu kuuliza.

Nimefika sasa mahali pa hoja yangu kubwa, ambayo inapita picha zenyewe. Tunaishi katika wakati ambapo mashine yaweza kutengeneza uso wa mtu asiyepata kuzaliwa, na kumwonyesha kiongozi akisema neno ambalo hakulitamka. Picha hizo husambaa kutoka simu hadi simu, na watu wazima wenye elimu huzipokea na kuzipeleka mbele, na pengine huchukiana na jirani zao kwa ajili yake. Wengine hufikiri dawa ya jambo hili ni kurudi kwenye picha ya zamani, kwa kuwa fedha na karatasi havisemi uwongo. Natamani ningeweza kusema hivyo, maana ingeisaidia hoja yangu. Lakini si kweli, na historia ya karatasi hii hii inatukanya.

Mwaka 1839, Mfaransa Hippolyte Bayard, mtumishi wa wizara ya fedha mjini Paris, aligundua namna ya kupata picha kamili moja kwa moja juu ya karatasi, bila negativu. Alichukua karatasi yenye kloridi ya fedha, akaiacha jua liifanye nyeusi, akailowesha kwa aidodidi ya potasiamu na kuitia katika kamera. Nuru ikaifanya kuwa nyeupe pale ilipogusa. Tarehe 24 Juni mwaka huo alionyesha picha zake 30 hadharani. Lakini François Arago, mwanasayansi mwenye sauti katika serikali, alikuwa akimwunga mkono Louis Daguerre, ambaye picha zake zilikuwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Daguerre akapewa malipo ya frangi 6,000 kila mwaka maisha yake yote. Bayard akapata frangi 600 za kununulia vyombo. Mwaka 1840 akajipiga picha akiwa kifua wazi, amefumba macho na kuinama kama maiti, na nyuma ya picha akaandika kwamba Bayard huyo masikini, aliyenyimwa haki na serikali, amejitupa majini akafa. Hakufa, aliishi mpaka mwaka 1887.

Basi tazameni. Mmoja wa mababa wa picha ya karatasi moja ndiye pia aliyepiga picha ya uwongo iliyo maarufu katika siku zile za mwanzo. Karatasi yake ilikuwa ya kweli, fedha yake ilikuwa ya kweli, nuru ilikuwa ya kweli. Maiti ndiyo haikuwa ya kweli. Chombo hakimfanyi mtu kuwa mkweli. Anayenunua karatasi kwa tumaini hilo amenunua hirizi.

Lakini chumba cha giza hutoa kitu kingine, ambacho nakithamini zaidi. Kijana aliyetengeneza picha kwa mikono yake, aliyeona kwamba nukta chache za nuru zimemfanya rafiki yake aonekane mgonjwa, na kwamba kusogeza kopo hatua mbili kumeuondoa umati mzima katika picha, kijana huyo hawezi tena kuamini kwamba picha hujileta yenyewe. Ajua kuwa kila picha imefanywa na mtu, kutoka mahali fulani, kwa uamuzi fulani. Atakapoletewa picha ya kumchochea, swali litamjia lenyewe kwa mazoea: nani kaifanya, alisimama wapi, na nini kimeachwa nje? Taifa lenye vijana wa namna hiyo halichomwi moto kwa picha moja ya uwongo. Hiyo ndiyo faida ninayoitetea, nayo haiandikwi katika hati ya duka.

Kwa walimu wenzangu wa vyuo vya ualimu nina neno moja. Tumekuwa tukiwatoa walimu wa sayansi wanaojua majina ya dawa kuliko tabia zake. Mwalimu ambaye hakupata kuona jambo likitokea hulifundisha kwa uoga, na uoga wake huurithisha. Nimepata kuona kabati la vyombo vya picha likitolewa nje na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ili stoo iwekwe viti vya plastiki vya wageni. Hakuna aliyeuliza. Viti hukaliwa siku moja kwa mwaka. Ikiwa tunakubali jambo kama hilo bila neno, tusiwalaumu wanafunzi wetu wanapodhani kwamba elimu ni kujua mahali pa kubonyeza.

Na kwenu wanafunzi nasema hivi. Msingoje chumba kizuri. Mwendeeni mwalimu wenu wa kemia, mwombeni nusu saa Jumamosi, stoo moja, sinia za plastiki na ndoo mbili za maji. Mpelekeeni hesabu iliyoandikwa ya karatasi ngapi mtazihitaji, na mpango wa usalama ulioandikwa vizuri, ili asipate sababu ya kuwakatalia isipokuwa uvivu wake mwenyewe. Anzeni na kitu kisichotembea: mti, mlingoti wa bendera, jiko la shule. Andikeni katika daftari muda wa nuru, hali ya jua na umri wa dawa, hata pale picha inapoharibika, na hasa pale inapoharibika. Kisha mtakapopata picha moja iliyo sawa, msifanye haraka kuipiga kwa simu na kuisambaza. Ikausheni, igeuzeni, andikeni nyuma yake tarehe, mahali na jina la aliyeifanya, ili atakayeishika baada yenu ajue ni nani wa kumwuliza.